Nyonga ya Edina na Salamu za Wakubwa

Ukimpokea mgonjwa wa nyonga, mwanangu, kabla hujampima chochote, mwangalie anavyosalimia. Najua chuoni mmefundishwa kuupima mguu kwa utepe na kuuzungusha ndani na nje, na hayo ni sawa, yafanyeni. Lakini anza na salamu. Binti wa huku kwetu akiingia mlangoni, akamwona mkubwa, akapiga goti moja tu huku mguu wa pili ameunyoosha mbele kama anayeogopa kukanyaga kaa la moto, umekwisha kusoma nusu ya ugonjwa wake na hajafungua kinywa.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa katika chumba cha mazoezi ya viungo, chumba nilichokiacha mimi. Nilistaafu nikiwa mhudumu. Sikuwa muuguzi, sikuwa mtaalamu wa viungo, na udaktari ndio kabisa. Nilianza kwa kupiga deki katika hospitali moja ya huku kwetu, nikahamishiwa chumba cha plasta kwa sababu nilikuwa na mikono yenye nguvu na sikuogopa kelele za watu, na mwisho nikakaa kwenye mazoezi na magongo mpaka nilipoagwa kwa keki na kanga. Watu waliniita Mama Edina. Edina si mwanangu, ni mdogo wangu wa mwisho. Baba yetu alipotangulia na mama akamfuata, yeye alikuwa bado anabebwa, na mgongo uliokuwepo ulikuwa wangu. Niliacha shule darasa la sita. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Nasema mjue kwamba haya sikuyasoma, niliyaona na kuambiwa, na penye kosa mtanisahihisha.

Aliyeniambia mengi ni Mzee Nampoto, fundi wa plasta na magongo, mtu mfupi wa Newala mwenye kofia ya kufuma ambayo sikuwahi kuiona nje ya kichwa chake. Siku yangu ya kwanza kwake alinipa magongo akasema nimpimie baba mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi. Nikayasukuma mpaka kwapani, yakambana vizuri, nikaona nimefanya kazi safi. Mzee Nampoto akatuzunguka mara moja.

"Binti, huyu umemtundika," akasema. "Sasa lete na vibanio, tumwanike kabisa."

Yule baba alicheka kuliko sisi. Kisha mzee akanishika vidole vyangu akaviweka kati ya kwapa na gongo. Vidole viwili, vitatu, lazima vipite hapo. Uzito haukai kwapani, unakaa kwenye viganja. Ukimwacha mtu alale juu ya magongo yake, mishipa ya kwapa inabanwa na mkono unakufa ganzi, na utakuwa umempa ugonjwa wa mkono juu ya ule wa mguu. Hilo bado ni kweli leo, hata kwa haya magongo mepesi ya bati yenye matundu ya kurefushia.

Magongo yetu tulikuwa tunayachonga wenyewe, na miguu yake tulikuwa tunaivisha mpira wa tairi. Mzee Nampoto alikuwa na namna mbili za mpira. Mgonjwa wa uwandani, kule kwenye mchanga wa Masasi, alimkatia mpira mpana kama mguu wa bata, kwa sababu mpira mwembamba unazama mchangani na mtu anaanguka akiwa na magongo mazuri kabisa mikononi. Mgonjwa wa juu Newala alipewa mpira wenye meno, kwa udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha. Siku hizi magongo yanakuja na kofia moja ya mpira kwa nchi nzima. Mwulizeni mgonjwa anatembea wapi.

Sasa niseme habari ya goti. Kama hamtakumbuka kitu kingine nilichoandika, kumbukeni hiki.

Alikuja fundi baiskeli mmoja kutoka Tandahimba, kijana mwenye mabega makubwa, analalamika goti. Alikuwa amelisugua mafuta ya kila aina, limechanjwa chale mpaka limekuwa kama mchi wa nakshi. Picha ya eksirei ya goti ikaonyesha goti zima. Akarudi, akapigwa nyingine, goti zima. Wengine wakaanza kusema anatafuta udhuru wa kutolima. Mzee Nampoto akamwomba ruhusa, akamlaza chali, hakuligusa goti hata kidogo. Alishika unyayo akauviringisha taratibu kuelekea ndani, kama unavyoviringisha chupa juu ya meza. Yule kijana aliruka nusura aanguke kitandani.

"Goti halina kosa," akasema mzee. "Goti linasingiziwa. Nyonga ni mwizi mwenye mbio. Anaiba kwake, anakwenda kujificha kwa jirani."

Akamrudisha kwa daktari, wakapiga picha ya nyonga, na hapo ndipo ikaonekana. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachokaa ndani ya tundu la nyonga na ambacho hutakiwa kuwa cha mviringo kama limau, kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Mfupa ulikuwa umekufa zamani na yeye ameukanyagia siku zote akisukuma pampu.

Niliuliza mfupa unakufaje mtu akiwa hai. Mzee Nampoto aliniuliza kama nimewahi kufika Newala. Nikamwambia mama yangu ni wa huko.

"Maji ya Newala mlikuwa mnayatoa wapi, zamani?"

"Bondeni. Tunashuka tunapanda."

"Basi. Kichwa cha paja ndiyo Newala. Kiko juu peke yake, na damu yake inapanda kwa vijia vyembamba. Kijia kikiziba, wa juu hawapati maji. Siku ya kwanza hutaona kitu, nyumba zimesimama, milango imefungwa vizuri. Ukipita baada ya miezi unakuta paa zimeanguka."

Nimesikia wataalamu wengi wakieleza ugonjwa huo tangu wakati ule, kwa michoro ya rangi na kwa kompyuta, nami nimejifunza kwao kitu kila mara. Lakini kila walipokuwa wakieleza, mimi nilikuwa naiona njia ile ya Newala, na akina mama wenye ndoo wakiwa wamezuiwa katikati ya mlima.

Vijia huziba kwa sababu nyingi. Mtu ameanguka kutoka mkoroshoni au kwenye bodaboda na shingo ya mfupa imevunjika. Mtu amekunywa pombe ya gongo miaka mingi. Mwingine ametumia kwa muda mrefu zile dawa kali za kushusha uvimbe, nyingine amenunua dukani bila kuandikiwa. Na kuna watoto wetu wenye sikoseli, ambao damu yao hujikunja kama mundu na kukwama popote penye njia nyembamba. Edina ni mmoja wao.

Zamani tulichokuwa nacho ni kitanda. Mgonjwa analazwa, mguu unavutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga unaoning'inia miguuni pa kitanda, na siku zinapita. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ule mfuko haugusi sakafu, kwa sababu ndugu wa mgonjwa walikuwa wakiuonea huruma mguu na kuuwekea kigoda chini ya mchanga. Nilikuwa naondoa vigoda asubuhi, vinarudi jioni. Baadaye tulisisitiza magongo tu, uzito usikanyage. Kisha madaktari wa mifupa wakaanza kutuambia kwamba ukimwahi mtu kabla kichwa hakijabonyea, hospitali kubwa wanaweza kuutoboa mfupa. Wanaingia pembeni mwa paja, chini kidogo ya nyonga, kwa keekee nyembamba, wanapita shingoni mwa mfupa mpaka kwenye sehemu iliyokufa. Msongo wa ndani unapungua, na damu inapata njia mpya ya kupandia.

Niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Mfupa unauma, nawe unautoboa? Lakini Mzee Nampoto, aliyekuwa amekaribia kustaafu, aliweka mikono juu ya kofia yake akasema, "Kumbe wamechimba kisima kulekule juu."

Kama kichwa kimekwisha kubonyea, kuna nyonga ya bandia, na nimewaona watu waliorudi nayo wakitembea vizuri. Msiwatishe watu kuhusu nyonga ya bandia. Lakini kwa kijana wa miaka ishirini, mwenye maisha marefu ya kuichakaza, yake mwenyewe ikiwezekana kubaki, ibaki. Hiyo ndiyo kazi. Ndiyo sababu ya magongo yote yale.

Edina alianza kuchechemea alipokuwa anajifunza cherehani. Alisema ni paja, kwa ndani, karibu na kinena. Alikuwa amezoea maumivu tangu utoto, na mtu aliyezoea maumivu ni mgonjwa wa hatari, kwa sababu anayanyamazia. Mimi nilimwona anainuka kwenye mkeka kwa kutanguliza makalio kama mbuzi. Nikamlaza chali sebuleni, nikashika unyayo wake, nikauviringisha kuelekea ndani.

Hakuruka. Alinitazama tu, machozi yakajaa, akasema, "Dada, usirudie."

Picha ya kwanza haikuonyesha chochote. Hili nalo mlijue: mwanzoni eksirei inaweza kuwa safi. Daktari wetu hakuridhika, akamwandikia kipimo cha MRI, ile mashine kubwa iliyoko hospitali ya mbali, na kilichokuwa kinajificha kikaonekana. Mfupa ulikuwa umeanza kufa, kichwa bado cha mviringo. "Mmewahi," daktari akasema. Wakamtoboa mjini, nikarudi naye kwa basi amekaa kiti cha mbele na mto chini yake, na maagizo yalikuwa mafupi: miezi kadhaa asiukanyagie mguu ule, asichuchumae, asipige goti, mpaka picha nyingine iseme. Mfupa uliotobolewa ni kama boriti iliyopitishwa keekee. Ukiupa mzigo kabla haujajijaza, unakatika, au kichwa kinabonyea, na hapo hakuna kisima tena cha kuchimba.

Nikajitayarisha kama ambavyo nimewatayarisha wengine. Nilikwenda Chiungutwa, nyumbani kwetu, nikamwambia seremala akate tundu katikati ya kiti cha mbao kwa ajili ya choo, maana choo chetu cha shimo ni cha kuchuchumaa. Seremala alikikata vizuri, akakipiga na vanishi, kikakaa uani siku nzima kikikauka, na kila mpita njia akauliza kiti kile kizuri mbona kimetobolewa. Kitanda nikakiinua kwa matofali. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, nikamkataza kuinama kuokota. Akakaa kwenye kiti akimenya mabibo na kutenganisha korosho. Ndugu zangu wawili waliokuwa nyumbani wakabeba maji na kuni. Nikaona kila kitu kimekaa sawa, nikarudi kazini Masasi.

Nilipokwenda kumwangalia nilishuka basi barabarani, nikakata kona ya nyumba, nikayaona magongo yamesimamishwa ukutani. Ninyi mtaijua hofu hiyo. Magongo yako ukutani na mgonjwa hayuko kitandani.

Alikuwa uani, amepiga magoti yote mawili mbele ya Bibi Anjela, jirani yetu, akimpa mkono kwa adabu.

Nilisubiri bibi aende. Nikamsaidia kuinuka, naye akauma mdomo akiinuka. Nikamwuliza ni mara ngapi kwa siku. Hakujua. Kila mkubwa aliyepita. Na wakati ule walipita wengi, kwa kuwa alikuwa mgonjwa na watu huja kumpa pole mgonjwa.

"Kwa hiyo wanakuja kukupa pole, nawe unaumia kwa pole zao."

"Sasa Dada, nimsalimie bibi nimeshika fimbo mbili?"

"Si fimbo. Ni magongo."

"Yeye anaona fimbo. Siku ya kwanza nilisimama nayo, akaniuliza, 'Unataka kunichapa, mjukuu wangu?' Alikuwa anatania. Lakini walikuwepo watu." Akashusha sauti. "Na wewe ndiye ulitufundisha. Mtoto wa watu wenye wazazi akikosa adabu, wanasema ana kiburi. Sisi tukikosa, watasema hatukulelewa."

Ni kweli niliwafundisha hivyo, na ningewafundisha tena. Tulikuwa watoto watano bila baba wala mama, na adabu ndiyo ilikuwa shati letu safi. Kwa adabu ile wadogo zangu walipewa chumvi kwa majirani, wakapewa nafasi shuleni, wakapata walimu waliowapenda.

Nilikaa kwenye kile kiti chenye tundu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, na nikawakumbuka wagonjwa wetu. Wale tuliokuwa tunawaita wasiosikia. Mama mmoja wa kule juu Newala alirudi kwetu kichwa cha nyonga kimebonyea kabisa, akaapa kwamba alitembelea magongo kila siku. Hatukumwamini. Sasa nikakumbuka neno alilolisema mwishoni, akiwa anaondoka: "Niliyaweka chini mbele ya wakwe zangu tu." Na alikuwa anaishi ukweni. Yule mama alikuwa anasikia kuliko wote. Tulimpa magongo na hatukumwambia namna ya kusalimia.

Bibi Anjela nilimwendea jioni ileile, akanielewa, akaapa kuwaambia wenzake. Lakini aliyenitia hofu alikuwa Mjomba Hilari. Yeye ni kaka wa mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Alikuwa mchongaji vinyago Newala, mkali wa heshima mpaka vijana walikuwa wakishuka baiskeli kabla hawajafika kwake. Alikuwa ametuma neno kwamba atakuja kumwona Edina Jumapili inayofuata. Edina asingesimama mbele ya mjomba hata kwa amri ya daktari. Nami niliona alivyouma mdomo. Goti lile moja la Jumapili lingeweza kuwa la mwisho.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda Newala.

Nilimkuta chini ya banda lake, miguu imejaa maganda ya mpingo. Nikapiga goti, nikasalimia, akaitikia, akaendelea kuchonga. Nikaeleza yote, mfupa, keekee, boriti. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Kwa hiyo mwanangu atanisimamia," akasema. "Kama mgambo."

"Miezi michache tu, Njomba."

"Watu watasema nini? Mama yenu hayupo. Mimi ndiye mama yenu. Watasema Hilari ameshindwa na watoto wa dada yake."

"Na nyonga ikivunjika watasema nini?"

"Watasema amepata kilema. Kilema hakisemwi vibaya, mwanangu. Utovu wa adabu ndio husemwa."

Nilimwambia tu kwamba nilimbeba Edina mgongoni tangu mama alipozikwa, kila homa yake naijua, na sikumfikisha hapa ili aje kuvunjika kwa shikamoo. Patasi ikasimama kidogo, ikaendelea. Nilipoaga, akaniuliza jambo nje ya mazungumzo.

"Siku hizi ana urefu gani? Kutoka chini mpaka kwapani?"

Nikadhani anataka kumshonea gauni la Krismasi. Nikamwonyesha kwa mkono kwenye nguzo ya banda, akaweka alama kwa patasi. Nikashuka Masasi bila ahadi yoyote.

Jumapili ile watu walikuwa wametoka kanisani, na wengi walikuwa uani kwetu, Bibi Anjela akiwemo, wakijua mzee wa Newala anakuja. Nilikaa karibu na Edina tayari kumdaka. Tukamwona mjomba anatoka barabarani kwa miguu, kofia kichwani, mkeka uliofungwa kamba begani. Edina akainuka kwa magongo. Nikasema chini chini, "Edina." Hakunisikia, au alinisikia. Alikwisha kuanza kuegemeza gongo la kwanza ukutani.

"Marahaba!" mjomba akaita.

Alikuwa bado mbali, hata ua hajauingia. Edina akabaki na gongo moja hewani.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Nimeshaisikia."

Bibi Anjela akapiga makofi. "Hee, mzee wa Newala, unaitikia salamu ambayo haijatoka?"

"Imetoka," akasema mjomba. "Imenikuta barabarani. Ninyi mmekaa karibu naye hamkuisikia? Masikio yenu ndiyo yapelekwe hospitali."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kizuri kama mvua. Lakini mjomba hakuishia hapo. Alivuta kiti alichowekewa akakisogeza kwa Edina, kisha yeye mwenyewe, mzee yule, akakaa chini kwenye mkeka wa watoto, akakunja miguu, akamtazama Edina kwa chini.

"Haya, sasa mimi ndiye niko chini. Nani atasema umenisimamia?"

Kisha akafungua ule mzigo wake, ndani mna magongo mawili ya mpingo, meusi yanayong'aa, yamechongwa nyuso za watu kuanzia kwapani mpaka chini, wengine wamecheka, wengine wamenuna. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa. Edina akajaribu kuliinua moja, likagoma. Lilikuwa zito kama mlango.

"Njomba, ahsante," akasema kwa adabu zote. "Ni mazuri sana."

"Hayabebeki," akasema mjomba, akajicheka mwenyewe. "Niliona nikiwa kwenye basi. Lakini mtu akiyaona hatasema ni fimbo."

Yale magongo yako chumba cha mazoezi mpaka leo. Moja huzuia mlango upepo ukivuma. Kama mmekuwa mkijiuliza ni ya nani, ndiyo hayo.

Tangu Jumapili ile Chiungutwa walimwitikia Edina kutoka mbali. Wazee walikuwa wakipita barabarani wanapaza sauti, marahaba, marahaba, na watoto wakawaiga mpaka ikawa mchezo. Nami nikaichukua desturi hiyo kazini. Kila mgonjwa wa nyonga aliyeondoka na magongo, nilimwuliza: nani mkubwa nyumbani kwako? Aje. Akija tunamfanyisha mazoezi yeye, si mgonjwa. Tunamwambia: ukimwona mgonjwa wako akitoka mlangoni, unasema marahaba kabla hajafungua mdomo, na ukiweza unakaa wewe. Babu mmoja aliikamata sawasawa, akawa anawaitikia marahaba hata wauguzi waliopita na sindano zao. Wakwe walikuwa wagumu zaidi, lakini nao walikubali walipoelezwa kwamba mkamwana akipona ndiye atakayewatekea maji.

Sitawadanganya kwamba wote walipona. Wapo waliofuata kila kitu na kichwa kikabonyea hata hivyo, hasa wenye sikoseli, maana damu yao haiachi kuziba njia. Mtu wa namna hiyo msimtafutie kosa. Mpeni kiti, msikilizeni, mtafutieni daktari wa hatua inayofuata.

Edina picha yake ilikuja baada ya miezi. Daktari aliibandika kwenye taa, akaitazama, kisha akaniita nami nitazame. Kilikuwa cha mviringo. Kina kovu jeupe la ile njia ya keekee, lakini cha mviringo. Akaacha gongo moja kwanza, akabaki na la upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu. Hilo nalo watu hulikosea, wanashika fimbo upande unaouma. Kisha akaacha na hilo. Mazoezi ya kulala kifudifudi na ya kuinua mguu kwa ubavu tulifanya naye kila jioni nilipokuwapo, yeye analalamika na mimi nahesabu.

Mwisho daktari akamruhusu kuchuchumaa, polepole, kwa kujishika. Hakumwambia mtu. Siku chache baadaye mjomba alikuja tena, safari hii bila mzigo, na kutokea barabarani akaanza kama alivyozoea. Edina akainua mkono.

"Bado, Njomba. Nyamaza kwanza."

Mjomba akanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwambia hivyo. Akaingia uani, akasimama mbele yake. Edina akashuka. Goti la kwanza, kisha la pili, mgongo umenyooka, mikono hakuiegemeza popote.

"Shikamoo, Njomba."

Mzee hakuitikia. Tulimngoja. Bibi Anjela alikuwa mlangoni kwake anatazama, nami nikawa najiuliza kama kuna jambo tumemkosea. Macho yake hayakuwa usoni kwa Edina, yalikuwa kwenye nyonga.

"Inuka tuone," akasema.

Edina akainuka, mguu mmoja, kisha wa pili, hakushika ukuta wala mkono wangu niliokuwa nimeunyoosha. Akasimama wima.

"Marahaba," akasema mjomba.